Kihami joto katika nyumba za Mwanza

Kihami joto ni kitu kinachopunguza mwendo wa joto kupita katika ukuta, dari au paa la jengo. Vihami vingi hufanya kazi kwa kunasa hewa, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana. Ndivyo ilivyo kwa polistireni, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, na pia kwa nyasi zilizoezeka misonge ya Wasukuma.

Unene wa ukutani

Kiasi kinachofaa hutegemea tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Katika Ulaya ya kaskazini sheria za ujenzi hudai kihami kinene ili joto la ndani lisipotee wakati wa baridi. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake huwa kati ya sentigredi 17 usiku na 29 mchana. Tofauti ni ndogo.

Isitoshe, faida hupungua kadiri unene unavyoongezeka. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 hupitisha takriban wati 3 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Milimita 25 za polistireni huzishusha hadi karibu wati 1. Milimita 25 za pili hufikisha 0.6, na za tatu takriban 0.4 tu, ingawa bei ya kila tabaka ni ileile.

Paa kwanza

Karibu na ikweta jua la adhuhuri hupiga paa, si ukuta. Bati lililo juani, hasa la rangi nyeusi, huwa na moto kuliko hewa na kuurusha chini kwa waliomo. Familia nyingi hujenga kidogokidogo na kuhamia kabla ya kuweka dari, hivyo watoto hulala mchana chini ya bati tupu. Fedha ikiwa chache, dari yenye matundu ya hewa juu yake hutangulia kihami cha ukuta. Pia hupunguza kelele za mvua. Mbao zake zipakwe dawa ya mchwa.

Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la pembeni. Kwa hizo, baraza au mwembe hugharimu kidogo kuliko kihami. Madirisha yanayopokea upepo wa ziwa wakati wa mchana husaidia pia.

Kuta za kihami kinene zinahitajika kweli katika vyumba vya baridi vya viwanda vya sangara, ambako minofu iliyogandishwa huhifadhiwa kwa nyuzi −18, yaani zaidi ya nyuzi 40 chini ya hewa ya mchana. Kwa chumba cha nyumbani chenye kiyoyozi, milimita 25 hadi 50 hutosha, mradi milango na madirisha yafunge vizuri.