Jozi Moja kwa Theluji Zote

Skii ya nyika huombwa mambo mawili yanayogombana. Unaposukuma kwa mguu, inapaswa kuing'ang'ania theluji ili usirudi nyuma. Nusu sekunde baadaye inapaswa kuiachia theluji hiyohiyo ili uteleze mbele. Wahenga wetu walishahukumu kesi ya namna hii: mshika mbili moja humponyoka. Historia ya skii nchini Norwei, ninakoishi mwaka wa nne sasa, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu walioikatia rufaa hukumu hiyo.

Nina sababu yangu ya kuifukua. Mshahara wangu unaruhusu jozi moja tu. Wenzangu kazini, waliozaliwa huku, wana jozi tatu au nne kila mmoja: za baridi kavu, za theluji ya majimaji, za msituni kusikochongwa njia, za kushukia milima. Nilipowauliza kila mmoja angebaki na ipi kama angelazimika, majibu hayakufanana, na kila jibu lilikuwa maelezo ya mahali msemaji alipokulia. Nikaona heri niwaulize waliotangulia, wale ambao kwao jozi moja haikuwa shida ya dukani bali maisha yenyewe.

Mwaka 2014, barafu iliyokuwa ikiyeyuka kwenye mlima Digervarden, katika mkoa wa Innlandet, iliachia skii moja ya mti. Ya pili ilionekana mwaka 2021, mita tano tu kutoka ilipolala ya kwanza. Zina umri wa miaka 1300 hivi. Hiyo ya pili ina urefu wa sentimita 187 na upana wa sentimita 17, wakati skii ya nyika ya leo ina upana wa sentimita 5 hivi. Upana ule ulikuwa na kazi yake. Hapakuwa na mashine ya kushindilia theluji na kuichonga mifuo, kwa hiyo mtu alihitaji kitu kipana kitakachousambaza uzito wake asizame. Mguu ulishikwa kwa kamba iliyosokotwa kwa betula, ule mti wa gome jeupe, pamoja na mkanda wa ngozi na kigingi cha mti. Zaidi ya yote, skii hizo si mapacha. Zinatofautiana, zimetumika sana, na zina alama za kukarabatiwa. Mwenyewe alikuwa na kile alichokuwa nacho, akakitengeneza kila kilipoharibika.

Tofauti kati ya mguu na mguu baadaye ikawa ufundi wa makusudi. Olaus Magnus, kasisi Mswidi aliyekuwa uhamishoni, alichapisha Roma mwaka 1555 kitabu kikubwa kuhusu watu wa kaskazini. Humo alieleza kwamba skii moja huwa fupi kuliko mwenzake kwa futi moja. Katika bonde la Østerdalen nchini Norwei, na katika sehemu za Uswidi na Ufini, tofauti hiyo ilivutwa hadi mwisho wake. Mguu wa kushoto ulivaa skii ndefu, pengine ya karibu mita tatu, ya kutelezea. Mguu wa kulia ulivaa skii fupi, iliyoitwa andor, ambayo chini yake ilivishwa ngozi yenye manyoya yaliyoelekea nyuma. Ukisonga mbele, manyoya yanalala. Ukitaka kurudi nyuma, yanasimama na kuishika theluji. Mguu mmoja ukasukuma, mwingine ukateleza. Katika karne ya 18 hata vikosi vya jeshi la Norwei vilivyotembea kwa skii vilipewa jozi za namna hii.

Nilipoziona jozi hizo katika jumba la makumbusho ya skii pale Holmenkollen, lililofunguliwa mwaka 1923, nilisimama mbele yake muda mrefu. Hapa kulikuwa na mtu aliyeshika mbili, na hakuna iliyomponyoka, kwa kuwa kila moja alikuwa ameipa mguu wake. Lakini ufundi huo ulikuwa na gharama. Mguu mmoja ulifanya kazi ya miwili, na anayeshuka mlima kwa miguu isiyolingana hupata taabu kwenye kona. Mkulima wa Østerdalen aliweza kuivumilia gharama hiyo kwa sababu safari zake nyingi zilipita katika misitu na mabonde marefu. Kwingineko isingevumilika.

Kwingineko kwenyewe ni Telemark, wilaya ya miteremko. Huko Morgedal alizaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, akaishi maisha ya mpangaji maskini kwenye ardhi ya wengine. Skii za Norheim zililingana urefu, zilikuwa fupi kuliko za wengi, na zilibanwa kiunoni: pana mbele, nyembamba katikati, pana tena nyuma. Ukizilaza upande, kiuno hicho huzifanya zikate kona. Alizifunga kwa fito zilizosokotwa zikazunguka kisigino, kwa hiyo aliweza kugeuka na kuruka bila kiatu kuchomoka. Mwaka 1868, akiwa na umri unaopita miaka 40, alikwenda Christiania, ambayo leo ni Oslo, akashinda mashindano mbele ya umati wa mjini. Ushindi haukumwondoa katika umaskini. Mwaka 1884 alihamia Marekani na jamaa yake, akafia North Dakota mwaka 1897.

Sifa ya jozi moja iwezayo kila kitu ilivuka mipaka kwa njia ya kitabu. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake watano, wawili kati yao wakiwa Wasami, walivuka Grinlandi kutoka mashariki hadi magharibi kwa skii. Kila kilo waliyobeba ilipimwa, lakini hata wao walichukua skii za miti miwili tofauti, mwaloni na betula. Kitabu cha Nansen kuhusu safari hiyo kilimfikia Mathias Zdarsky, aliyekuwa akiishi Lilienfeld nchini Austria. Zdarsky akaagiza skii kutoka Norwei, akapanda nazo milima yake, akaona hazifai. Zilikuwa ndefu mno kwa miteremko mikali ya Alps. Akazikata, akaunda kifungo chenye wayo wa chuma, na mwaka 1896 akachapisha kitabu cha mtindo wake, kilichozua ubishi mrefu na wafuasi wa mtindo wa Norwei. Naamini wote walikuwa wakisema kweli. Kila upande uliita "hali zote" zile hali zilizoonekana kutoka dirishani kwake.

Kisha ikaja nta, na ugomvi wa kushika na kuachia ukahamia chini ya skii, usionekane kwa macho. Nta sahihi huzishika chembe za theluji mguu unapokandamiza na kuziachia mguu unaposonga. Shida ni neno hilo, sahihi. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Swix ilianza kupanga nta kwa rangi: kijani kwa baridi kali, buluu kwa baridi ya wastani, zambarau karibu na nyuzi sifuri, nyekundu kwa theluji iliyolowa. Mwaka 1974, kwenye mashindano ya dunia huko Falun, Thomas Magnusson wa Uswidi alishinda kilomita 30 kwa skii za nyuzi za kioo, na zama za mti zikafika ukingoni. Tangu hapo mwanamichezo wa ngazi ya juu husafiri na makumi ya jozi pamoja na mafundi wa kuzipaka. Kati ya hao wenye makumi na yule mtu wa Digervarden, mimi najua nimesimama karibu na nani.

Wanorwei wakijua nimetoka Afrika Mashariki hunitajia Philip Boit, na hawajali nikiwaambia kwamba yeye ni Mkenya na mimi ni mtu wa Tanga. Boit, mkimbiaji wa masafa ya kati, alianza kujifunza skii Ufini mwaka 1996. Februari 1998 alishiriki mbio za kilomita 10 za mtindo wa klasiki katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27. Boit alifika wa mwisho, nafasi ya 92, kwa dakika 47, na Dæhlie alikuwa bado amesimama mwishoni akimngoja, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi hutazama zile dakika 20. Hakuna duka linaloziuza. Skii bora kuliko zote hazimpi mtu utoto wa kwenye theluji.

Hilo lilinisaidia kuchagua. Kwa miaka kadhaa sasa maduka ya Oslo yamejaa skii zenye kipande cha manyoya ya mbuzi wa Angora chini ya wayo, kwenye miguu yote miwili. Ni ngozi ya andor iliyorudi, imepunguzwa, imegawanywa sawa. Haihitaji nta ya kushikia, na hufanya kazi vizuri hasa karibu na nyuzi sifuri, pale nta inapowatesa hata wazoefu. Siku za theluji katika sehemu za chini za Oslo zimepungua kwa miongo kadhaa, na siku za kuyeyuka na kuganda ndizo nyingi ninazokutana nazo. Mimi huingia msitu wa Nordmarka jioni baada ya kazi, kwenye njia zenye taa, saa moja na nusu, kisha narudi kwa treni.

Kwa hiyo nimechukua hizo za manyoya. Zina uzito kidogo, na manyoya hupunguza mwendo siku ya baridi kavu. Itakapofika nyuzi 15 chini ya sifuri, mtu mwenye nta ya kijani atanipita huku manyoya yangu yakikwaruza. Nitasogea kando apite.