Nani Alifagia Vigae?

Ndugu msikilizaji, mwaka 1995 nilikuwa Bugarama, jirani na machimbo ya Bulyanhulu. Jioni moja aliingia baani kijana ambaye duara lake lilikuwa limetema dhahabu. Alitununulia vinywaji watu wote, kisha akaanza kuvunja glasi moja baada ya nyingine, huku akimwambia mwenye baa aandike tu. Tulimpigia makofi, nami nikiwemo, maana soda yake nilikuwa nimekunywa. Mhudumu, binti mmoja aliyevaa ndala, alifagia. Kigae kikamchana mguu. Akaufunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni ile daftari lilikuwepo. Glasi ziliandikwa zote na zikalipwa zote. Mguu haukuandikwa.

Niliukumbuka mguu ule nilipoirudia riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, iliyotoka mwaka 1925. Anayesimulia ni Nick Carraway, kijana wa kipato cha kawaida anayeishi kati ya matajiri karibu na New York. Mwanzoni anatuambia kuwa yeye si mwepesi wa kuhukumu watu. Lakini Daisy, mke wa tajiri Tom Buchanan, anamgonga mwanamke kwa gari la Gatsby na kumwua, wala hasimami. Mume wa marehemu, baada ya kuelekezwa na Tom, anampiga risasi Gatsby asiye na hatia ya ajali ile. Tom na Daisy wanafunga mizigo na kuondoka. Hawafikishwi mahakamani. Hapo Nick hawezi tena kunyamaza, naye anawahukumu kuwa watu ambao fedha imewafundisha kuyakimbia madhara yao wenyewe.

Sisi tunayo Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iliyochapishwa mwaka 1975. Tumaini anarithi mali, anaitapanya kwa anasa na wasichana, kisha anakuwa mkulima mkubwa huku kwetu Shinyanga. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linapoigusa mali yake, anamwua kiongozi, naye anahukumiwa kifo. Msimulizi wa Kezilahabi amesimama nje ya hadithi na hana haja ya kupaza sauti, kwani dola inatoa hukumu. Nick hana dola ya kumsaidia. Ana ulimi wake tu.

Tena Nick si shahidi safi. Alikula na kunywa kwenye karamu za Gatsby, na ni nyumbani kwake Gatsby alikokutanishwa tena na Daisy. Wapo watakaosema kwamba kwa hiyo hukumu yake haina uzito. Mimi nasema uzito wake uko hapo hapo, kwa sababu aliyekula karamuni anajua gharama yake ilimwangukia nani. Kosa la Nick ni kuchelewa kusema.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa rasmi. Vijana wa maduara walitawanyika. Hadi leo tukikumbushana enzi zile, tunamtaja yule mvunja glasi kwa kicheko na sifa. Historia ya dhahabu nayo ina wasimulizi wake, na wengi wetu tulikunywa soda ya bure. Yule binti hatajwi. Mimi mwenyewe sikumwuliza jina.

Basi, ndugu msikilizaji, siku utakaposikia mtu anasifiwa kuwa alivunja na akalipa, usiulize alilipa kiasi gani. Uliza nani alifagia, na uliulize hilo kabla hujaimaliza soda yako. Mimi nililiuliza nikiwa nimechelewa.

Tukijaliwa, tuonane wiki ijayo.