Heliostati

Heliostati (kutoka maneno ya Kigiriki helios, "jua", na statos, "iliyosimama") ni kifaa chenye kioo kinachogeuka kulifuata jua ili miale yake iakisiwe mahali palepale mchana kutwa. Katika majengo makubwa hutumika kufikisha mwanga wa jua sehemu za ndani zilizo mbali na madirisha.

Jinsi inavyofanya kazi

Miale huondoka kwenye kioo kwa pembe ileile iliyoingia nayo. Kwa hiyo kioo hakielekezwi kwenye jua lenyewe, bali katikati ya jua na mahali panapotakiwa kuangazwa. Jua huonekana kusogea takriban nyuzi 15 kwa saa, na mota zinazoongozwa na kompyuta hugeuza kioo kidogo kidogo. Mara nyingi kioo cha pili kisichosogea hupokea miale na kuielekeza chini, kwenye ukumbi ulio wazi katikati ya jengo.

Jua kali hutoa mwangaza wa laksi 100,000 hivi, ilhali meza ya ofisi huhitaji takriban laksi 500. Kwa hesabu hiyo, mwanga unaoangukia mita moja ya mraba ungetosha mita za mraba 200, ingawa sehemu yake hupotea kila unapoakisiwa.

Historia na mifano

Mholanzi Willem 's Gravesande alieleza heliostati katika karne ya 18. Iliendeshwa kwa mtambo wa saa na kutumika katika majaribio ya mwanga.

Jengo la benki ya HSBC huko Hong Kong, lililobuniwa na Norman Foster na kukamilika mwaka 1985, lilipewa vioo vya nje vya kufuata jua. Vioo vingine vilivyo juu ya ukumbi huangusha mwanga hadi chini. Nje ya majengo, mji wa Rjukan nchini Norwei umetumia vioo vitatu tangu 2013 kuangaza uwanja wake, kwa sababu milima huuzuia jua wakati wa baridi.

Mipaka

Heliostati hutegemea miale inayotoka moja kwa moja kwenye jua. Mawingu yakitanda, haisaidii sana, hivyo taa bado zinahitajika. Vioo huhitaji kusafishwa vumbi na mota kutunzwa. Tena njia ya mwanga lazima ipangwe tangu mchoro wa jengo, maana ukuta au sakafu ikiikatiza, kioo cha juu hakina faida.