Jina Linalotafutwa: Biashara Ndogo za Bukavu kutoka Kibao hadi Tovuti

Mji ulioko kusini mwa Ziwa Kivu, mahali mto Ruzizi unapoanzia, ulianzishwa na utawala wa kikoloni mwaka 1901, baadaye ukaitwa Costermansville kwa heshima ya Paul Costermans, afisa mkuu wa Dola Huru ya Kongo, hadi jina la Bukavu lilipochukua nafasi yake mwaka 1954. Msomaji anayetafuta leo nyaraka za mji huo za miaka ya 1940 kwa neno Bukavu peke yake huenda akazikosa nyingi, kwa kuwa injini ya utafutaji, yaani programu inayopitia kurasa za intaneti na kuzipanga kwa manufaa ya anayeuliza, hutegemea sana maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe.

Biashara nazo hutafutwa kwa maneno. Kabla ya intaneti, duka la Kadutu au la Nyawera, sehemu za mji wa Bukavu, lilijulikana kwa kibao cha mlangoni, kwa wateja walioelekezana na, kwa wenye uwezo wa kulipia tangazo, kwa redio, ambazo miongoni mwake ni Radio Maendeleo iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1993. Anwani ilikuwa alama inayofahamika na wote: nyuma ya kanisa, mkabala na soko. Desturi hiyo haijatoweka, na mwenye tovuti hana budi kuiandika hivyo hivyo, kwa sababu mteja hutafuta kwa maneno anayosema, si kwa maneno ya daftari la manispaa.

Archie, ambayo huhesabiwa kuwa injini ya kwanza ya utafutaji kwenye intaneti, iliundwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, nayo iliorodhesha majina ya mafaili tu. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliongeza wazo ambalo mfanyabiashara wa Kadutu angelitambua mara moja: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kilihesabiwa kama udhamini, na udhamini wa anayeaminika ulikuwa na uzito zaidi kuliko wa asiyejulikana. Hapo ndipo uboreshaji wa tovuti kwa ajili ya injini za utafutaji, yaani kazi ya kuuandaa ukurasa ili uonekane mapema katika majibu, ulipopata nguvu, na ndipo pia udanganyifu wa kununua viungo na kurudia maneno bila maana ulipoenea, hata Google mwaka 2012 ikazishusha chini kurasa za namna hiyo.

Nchi yenyewe, kama mji huo, ilikuwa imebadili jina, na anwani za tovuti zikabadilika nayo. Zaire ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, msimbo wa intaneti wa nchi, yaani herufi mbili zinazofunga anwani ya tovuti, ulihama kutoka .zr kwenda .cd, na ule wa zamani ukaondolewa mwaka 2001.

Suala la lugha ni zito zaidi, na hupuuzwa mno. Katiba ya 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini tovuti nyingi za Bukavu huandikwa kwa Kifaransa pekee, ilhali mteja huzungumza Kiswahili sokoni na Mashi, lugha ya wenyeji, nyumbani. Mwenye duka la dawa anayeandika kwa Kifaransa tu hufunga mlango kwa anayeuliza wapi pa kununua dawa kwa Kiswahili, na kosa hilo husahihishwa kwa sentensi chache, bila gharama yoyote.

Urahisi wa matumizi, yaani kiasi ambacho mgeni anaweza kupata alichokijia bila kuhangaika, una historia yake pia. Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtafiti kutoka Denmark, alieleza kwamba baada ya sekunde 10 za kungoja umakini wa mtumiaji huhamia kwingine. Bukavu, ambako wengi hufungua intaneti kwa simu na kununua mega, yaani data ya intaneti, kidogo kidogo, kungoja ni pesa: picha nzito iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera hula mega za mteja kabla hajaona bei. Namba ya simu iandikwe kwa maandishi ili ibonyezwe na kupigwa papo hapo, isifichwe ndani ya picha. Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora, katika utafutaji wa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, na Julai 2018 ikaanza kuihesabu pia kasi ya ukurasa.

Haya yote hutegemea mtandao uliopo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 serikali ilikata intaneti nchini kote kwa takriban siku 20, na waliokuwa na kibao na redio waliendelea kupatikana. Februari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoingia Bukavu na benki zikafunga, maswali ya wateja yakawa mafupi: nani yuko wazi, namba ipi inapokelewa, malipo yanafanywa vipi. Ukurasa wenye saa za kazi na namba za mwaka uliopita haukuwa na jibu hata moja kati ya hayo.