Bulyanhulu 1996: Madai ya Wachimbaji Yalivyofika Bungeni

Agosti 2026 inatimia miaka 30 tangu wachimbaji wadogo wafurushwe Bulyanhulu, wilaya ya Kahama ya wakati huo. Sisi wa Biharamulo na Ngara, wenye dhahabu ya Tulawaka na nikeli ya Kabanga, tusiiache kumbukumbu hiyo ipite kimya.

Mwaka 1994 kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Canada ilipewa leseni mahali ambapo wananchi walikuwa wakichimba kwa moko na nyundo tangu miaka ya 1970. Waligoma kuondoka, na mgogoro ukafika Mahakama Kuu Tabora. Amri ya serikali ya kuwaondoa ikatoka mwishoni mwa Julai 1996, na Agosti maduara yakafukiwa. Madai kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa humo wakiwa hai yalikanushwa na serikali na kampuni, wala hayakuthibitishwa. Lakini mawakili wa LEAT, asasi ya wanasheria wa mazingira, waliotaka uchunguzi huru, Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, walishtakiwa kwa uchochezi.

Huko Ballarat, Australia, wachimbaji walioasi ada za leseni Desemba 1854 walishindwa na askari asubuhi moja tu, ila haki ya kupiga kura haikuchelewa kuja. Kwetu njia ilipitia bungeni.

Februari 2007 Waziri Nazir Karamagi, mbunge wa Bukoba Vijijini hapa Kagera, alisaini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi mjini London, wakati Rais Kikwete ameshaagiza mikataba ya madini ipitiwe upya. Zitto Kabwe, mbunge kijana wa CHADEMA, akaomba iundwe kamati teule kuuchunguza mkataba huo. Agosti wabunge, badala yake, wakamsimamisha yeye ubunge. Adhabu hiyo ilimpa umaarufu kuliko hotuba yoyote: wananchi wakajaa mikutanoni kusikia habari za mikataba ambayo hawakuwahi kuonyeshwa. Novemba Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini, na Zitto akiwa mjumbe. Nauona huo kuwa ushindi mkubwa wa upinzani wa miaka ile.

Sheria ya Madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka 2017 Rais John Magufuli, aliyeingia bungeni 1995 kwa kura za Biharamulo Mashariki, akaufikisha 6. Tulawaka sasa iko mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa, na serikali ina asilimia 16 Kabanga.

Halmashauri zetu zikusanye masimulizi ya wachimbaji wa zamani sasa, wangali hai.