Kutoka stashahada hadi shahada: ada inapatikana wapi kwa wanafunzi wa Shinyanga na Geita?

Kila mwaka wanafunzi humaliza stashahada, au diploma kama wengi tunavyosema, katika Chuo cha Sayansi za Afya Kolandoto, katika taasisi ya Kizumbi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na katika vyuo vingine vya kati vya Shinyanga, Kahama na Geita. Wanaotaka kuendelea na shahada hukutana na swali moja: ada itatoka wapi?

Mtaani jibu ni jepesi: nenda kwanza machimboni, Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola, ukitoka na fedha utasoma. Tatizo la jibu hilo ni kwamba miaka inaendelea kuhesabiwa. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, inamtaka mwombaji asiwe na umri wa zaidi ya miaka 35, na awe amepata sifa ya kuingia chuo kikuu, yaani kidato cha sita au stashahada, ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyemaliza stashahada na kukaa duarani miaka sita akitafuta ada anarudi akiwa ameupoteza mlango mkubwa kuliko yote.

Katika makala haya tunaeleza milango iliyopo, nani anaingia kwa upi, na maandalizi yanayopaswa kuanza ukiwa bado mwaka wa mwisho wa stashahada.

Udahili kwanza

Hakuna mkopo wala ufadhili wa shahada bila udahili. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, mwenye stashahada anahitaji GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hicho ni kiwango cha chini. Kozi nyingi, hasa za afya na uhandisi, hutaka pia alama maalumu katika masomo ya sayansi ya kidato cha nne, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo cha TCU kabla ya kuchagua kozi.

Mwenye stashahada anatakiwa pia kuwa na namba inayojulikana kwa herufi AVN, inayotolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Namba hiyo inathibitisha kwamba stashahada yako ni halali. Unaiomba mtandaoni, lakini haitoki kama chuo chako hakijawasilisha matokeo yako NACTVET. Hapa ndipo wengi hukwama: wamefaulu, lakini jina halimo kwenye mfumo. Fuatilia kwa mtaaluma wa chuo mara matokeo yanapotoka. Usisubiri dirisha la udahili lifunguliwe.

Mwenye GPA chini ya 3.0 bado ana njia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi inayomwandaa mtu kujiunga na shahada, na kina vituo katika mikoa, ikiwemo Shinyanga na Geita. Kwa aliye kazini au mwenye familia, kusoma bila kuhama ni nafuu yenyewe.

Mkopo wa HESLB

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote: kwa mwaka wa masomo 2024/2025 serikali ilitenga shilingi bilioni 787. Mwenye stashahada anaomba mkopo wa shahada sawa na wa kidato cha sita. Tangu mwaka 2023/2024 HESLB inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kama vile afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo.

Mkopo hugawanywa katika mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Fungu la chakula na malazi, lile la "bumu", limepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Si kila mtu anapata mafungu yote kwa ukamilifu. Bodi hupima uhitaji, na mwenye uhitaji mdogo anaweza kupewa sehemu tu ya ada. Familia ijipange kwa pengo hilo mapema.

Wanaopewa uzito zaidi ni yatima, wenye ulemavu au waliozaliwa na wazazi wenye ulemavu, wanaotoka kaya zinazonufaika na TASAF, na waliosomeshwa na wafadhili katika ngazi za chini. Lakini hali hizo lazima zithibitishwe kwa nyaraka. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa hahesabiwi kuwa yatima na mfumo.

Tusisahau kwamba mkopo ni deni. Marejesho huanza baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo, na kwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Nyaraka zinazokwamisha wengi

Anza na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu lazima kihakikiwe na RITA. Aliyezaliwa nyumbani na hakusajiliwa aende kwa msajili wa wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kazi hii inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo haifai kuanzwa Agosti. Cheti cha kifo cha mzazi nacho kinahakikiwa RITA.

La pili ni majina. Kwetu Usukumani si ajabu mtoto kuitwa Masanja nyumbani, Emmanuel kanisani, na shuleni akaandikishwa kwa jina la babu. Kama cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA vinatofautiana, muone wakili mapema kuhusu hati ya kisheria ya kurekebisha jina.

La tatu ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba unayotumia kuomba mkopo lazima iwe ile ile uliyotumia kuomba udahili. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, na akitumia moja TCU na nyingine HESLB, mifumo haitamtambua kuwa ni mtu mmoja.

Mwisho ni mdhamini mwenye kitambulisho, na fomu zenye saini na mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji na ya kamishna wa viapo. Kagua kila ukurasa kabla ya kupakia, kwa kuwa saini moja iliyosahaulika inatosha kukukwamisha.

Uliyekwisha ajiriwa

Muuguzi au mwalimu wa stashahada anayepokea mshahara hahesabiwi na HESLB kuwa mhitaji wa mkopo wa shahada. Njia zake ni tofauti. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo na kuulizia nafasi yake katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Usiondoke kituoni bila kibali cha maandishi. Njia ya pili ni mikopo ya elimu ya benki. NMB, kwa mfano, ilianzisha mkopo wa elimu wa riba ya asilimia 9 kwa wafanyakazi ambao mishahara yao inapitia benki hiyo. Linganisha makato ya kila mwezi na mshahara unaobaki mkononi kabla ya kusaini.

Ufadhili usiorejeshwa

Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022/2023, inawalenga waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Mwenye stashahada asiiweke kwenye hesabu zake, ila mdogo wake aliye kidato cha sita aijue. NMB Foundation nayo ina mpango wa Nuru Yangu kwa vijana wenye ufaulu wa juu wanaotoka familia za kipato cha chini. Soma masharti ya tangazo la mwaka husika. Nafasi za nje, kama za China na Hungary, hutangazwa katika tovuti ya Wizara ya Elimu.

Kuna milango miwili ambayo watu huigonga bila mafanikio. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, hufadhili miradi ya shule na vyuo, si ada ya mtu mmoja mmoja. Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ni ya shughuli za uzalishaji na hailipi karo.

Je, migodi?

Wengi huamini kwamba ukizaliwa jirani na mgodi wa Geita, Bulyanhulu au Mwadui una haki ya kusomeshwa. Sheria haisemi hivyo. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Halmashauri pia hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya kampuni.

Maana yake ni kwamba kama fedha za migodi zitasomesha watoto wa eneo, au zitajenga madarasa na zahanati peke yake, ni uamuzi unaopita mezani kwa halmashauri. Mpango huanzia mkutano wa kijiji au mtaa, ukapanda kamati ya maendeleo ya kata hadi baraza la madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai, na bajeti hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Wananchi wanaotaka fungu la ada kwa wanafunzi wenye uhitaji waliseme mkutanoni wakati huo, na lisomeke kwenye muhtasari. Barua ya kuomba msaada inayopelekwa Oktoba kwenye geti la mgodi imechelewa, tena imekwenda ofisi isiyo yake.

Ratiba ya kukumbuka

Kuanzia Januari hadi Mei, shughulikia vyeti, uhakiki wa RITA na NIDA. Kati ya Juni na Agosti, kwa kawaida, HESLB hufungua maombi. Omba hata kama hujapata udahili, kwa sababu mkopo hupangwa baadaye kwa waliodahiliwa. Udahili wa TCU huanza Julai na huwa na awamu zaidi ya moja, hivyo ambaye AVN yake imechelewa afuatilie awamu inayofuata. Majina ya mikopo yakitoka na hukuridhika, subiri dirisha la rufaa na upeleke ushahidi uliokosekana.

Malipo ya maombi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali tu. Mtu anayeomba utume fedha kwenye simu yake ili "jina lipite" ni tapeli, hata akikutajia jina la ofisa. Ukikwama, ofisi ya HESLB ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na kila chuo kinachopokea wanufaika kina ofisa wa mikopo.

Kama una ndugu aliye mwaka wa mwisho wa stashahada, muulize wiki hii maswali matatu: cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa? Majina yanafanana? Chuo kimepeleka matokeo NACTVET? Hayo matatu yakiwa tayari, ataomba kwa wakati, wala hatalazimika kushuka duarani kwanza.