Mwarobaini na Dhahabu: Historia Fupi ya Chembe za Nano Zitokanazo na Mimea

Jina la mwarobaini lina madai ndani yake: mti huo uliotoka Bara Hindi na kuenea pwani ya Afrika Mashariki husifiwa kwamba hutibu maradhi arobaini. Je, saratani nayo ihesabiwe humo? Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyofika maabarani, na mahali lilipofikia.

Asili ya jambo hili si mimea. Mwaka 1857, mjini London, Michael Faraday alitumia fosforasi kuitoa dhahabu katika chumvi yake, akapata maji mekundu. Alitambua kwamba wekundu huo ulitokana na chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1951, John Turkevich na wenzake walipata chembe za namna hiyo kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati, chumvi ya asidi iliyomo katika malimau. Chembe za nano ni zile zenye upana wa nanometa 1 hadi 100, na nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya meta.

Mwaka 2002, watafiti wa Texas walieleza jinsi chembe za dhahabu zilivyojiunda ndani ya mimea hai ya alfalfa. Mwaka 2004, wenzao wa Pune, nchini India, walitumia maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Majani hayo yana kazi mbili: baadhi ya viambato vyake huzipa ioni za dhahabu au fedha elektroni, zikawa atomu na kukusanyika; vingine huzifunika chembe zisigandamane.

Tumaini la tiba lilitoka kwingine. Mwaka 1986, Matsumura na Maeda wa Japani walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hata vitu vikubwa hupenya na kubaki humo. Tangu hapo tafiti nyingi zimeeleza chembe zilizoua seli za saratani katika vyombo vya maabara. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya kipimo kilichodungwa ndiyo ilifika kwenye uvimbe wa wanyama wa majaribio. Tena, viambato vya majani hubadilika kwa majira na udongo, na chembe nazo hubadilika. Hadi sasa hakuna chembe ya metali iliyotengenezwa kwa mimea iliyoidhinishwa kuwa dawa ya saratani.

Hapa ndipo wajibu wetu wa lugha unapoanza. «Kuua seli» si «kuponya mgonjwa». Katika maabara ile, jani lilikuwa chombo cha kuundia chembe, halikuwa dawa. Na anayeacha hospitali akanywa maji ya mwarobaini hanywi chembe hizo hata kidogo. Mfasiri asiyezitenga kauli hizo mbili humdhuru msomaji aliye mgonjwa.